Kwa Nini Twapenda Kuyalaumu Makampuni Makubwa ya Simu na Intaneti?

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya neno lisikikalo kila siku sokoni Mazwi na majumbani mwetu, yaani lawama juu ya makampuni makubwa ya simu na intaneti. Mtu akikatwa fedha katika simu yake husema, "Wametuibia tena!" Lakini kesho yake huweka fedha mle mle. Mbona twalaumu kitu tusichotaka kukiacha? Sababu zake ni tatu.

Kwanza, twayategemea makampuni hayo. Mwenye njia nyingine huondoka kimya. Asiye nayo hunung'unika. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa katika Tanzania mwaka 2008, mkulima wa Ufipa aweza kupokea bei ya mahindi yake kutoka Dar es Salaam pasipo kusafiri. Faida hiyo ni kubwa, lakini pia ni kamba. Anayeshika fedha na maneno yetu, twamtazama kwa jicho kali.

Pili, mlango wao hauonekani. Zamani wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, ziitwazo malungu, na wahunzi wakafua majembe. Kazi ile ilikuwa na miiko na siri zake. Hata hivyo jembe likivunjika, mwenyewe alijua aende kwa nani. Meta, kampuni ya Marekani yenye Facebook na WhatsApp, nayo ina siri zake. Lakini mtu wa Mazwi atabisha hodi wapi? Siri pasipo mlango huzaa shuku.

Tatu, kumlaumu mkubwa ni kutamu, maana hakuna gharama. Ukimlaumu jirani, atakujibu. Ukiilaumu kampuni iliyo mbali, wote watakuitikia. Tena lawama hiyo hufunika sehemu yetu wenyewe. Uongo upitao katika WhatsApp, mara nyingi ni sisi tulioupeleka kwa wenzetu kabla ya kuuchunguza.

Je, basi tunyamaze? La, sivyo. Yatupasa kutofautisha manung'uniko na mashtaka. Manung'uniko hayana anwani. Mashtaka hutaja tendo, mtendaji na ushahidi. Tutazame mifano miwili.

Mwezi wa Julai 2021 tozo mpya ilianza kukatwa katika fedha zitumwazo na kutolewa kwa simu hapa Tanzania, kuanzia shilingi 10 hata 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya kiasi cha fedha. Aliyetazama simu yake aliona jina la kampuni tu. Lakini tozo ile haikutungwa na kampuni. Ilitoka katika sheria iliyopitishwa na Bunge, na fedha zake zilikwenda Serikalini. Aliyemkaripia wakala dukani alimwonea bure. Malalamiko yalipofika Serikalini, ndiko yalikojibiwa: mwezi wa Septemba mwaka ule ule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30.

Mfano wa pili ni wa Nairobi. Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini, aliajiriwa huko na kampuni ya Sama mwaka 2019, ili kuchuja mambo maovu yanayowekwa katika Facebook. Mwezi wa Mei 2022 aliwashtaki Sama na Meta, akisema kwamba kazi ile ilimwumiza moyo na akili, na kwamba aliondolewa kazini kwa kujaribu kuwaunganisha wafanyakazi. Meta ilijibu kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba Meta yaweza kushtakiwa Kenya. Neno hili halikuwa hukumu ya hatia. Lakini mlango uliokuwa haujulikani ulionekana, kwa sababu mtu alileta shtaka lenye jina na tarehe.

Basi, kabla ya kulaumu tujiulize: Ni nini hasa kilichotendeka? Ni nani aliyekitenda? Ni nani awezaye kukitengeneza? Aliyedhulumiwa katika huduma ya simu na atunze ujumbe wa muamala, aandike siku na saa, aanze kwa kampuni yenyewe. Asiposikilizwa, apeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Lawama ya namna hiyo ina kazi ngumu kuliko kelele za sokoni, lakini ndiyo mkubwa hulazimika kuijibu.

Maswali kwa walimu na wanafunzi wao:
1. Manung'uniko na mashtaka vyatofautianaje?
2. Mwaka 2021, kwa nini wakala hakustahili lawama?
3. Ni lalamiko gani la kijiji chenu lisilo na anwani bado, nalo lipelekwe kwa nani?