Mimea ya Hewani: Maji Yapite, Yasikae

Mmea wangu wa kwanza wa hewani ulikufa ndani ya chupa ya kioo. Niliuweka humo kwa sababu ndivyo nilivyouona pichani: mmea mdogo wa rangi ya fedha juu ya changarawe nyeupe, kioo kimeuzunguka pande zote. Kila jioni niliunyunyizia maji. Wiki ya tatu nilipougusa, majani ya katikati yalichomoka yenyewe, meusi kwenye shina, yananuka. Nilidhani nimeunyima maji. Kumbe niliuozesha kwa mkono wangu.

Jina lenyewe linapotosha. Mtu akisikia “mmea wa hewani” huamini kwamba hewa inautosha. Haiutoshi. Unataka maji kama mmea mwingine wowote, ila huyanywa kwa majani badala ya mizizi, na ukishakunywa lazima ukauke.

Kwa jina la kitaalamu ni Tillandsia, nasi tuiite tilandisia. Zipo spishi zaidi ya 600, na zote asili yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina na Chile. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus kwa heshima ya Elias Tillandz, tabibu wa karne ya 17 aliyefundisha mjini Turku, Finland. Ndugu mmoja wa tilandisia unamfahamu vizuri: nanasi. Litazame shambani jinsi majani yalivyojipanga kwa mzunguko, yakikinga umande na mvua, utaiona sura ya ukoo.

Kwao, tilandisia hukaa juu ya matawi na miamba. Aina moja ndogo, Tillandsia recurvata, huota hata juu ya nyaya za umeme, na hapo unapata hakika kwamba si kimelea, maana waya hauna utomvu wa kunyonywa. Mizizi yake kazi yake ni kushikilia tu. Majani ndiyo yamevikwa magamba madogo mno, yanayoupa mmea ile rangi ya kijivu. Lowesha jani moja ulitazame: ule ufedha hupotea na ukijani hujitokeza papo hapo, kwa kuwa magamba yameanza kunywa. Ufedha ukirudi, ujue jani limekauka. Hicho ndicho kipimo chako, tena hakigharimu kitu.

Sasa, kwa nini jioni ni wakati mbaya? Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa. Tilandisia, kwa kuogopa kupoteza maji juani, hufungua vyake usiku. Ukiilowesha magharibi, inaingia usiku imefunikwa na utando wa maji saa zilezile inapotaka kupumua.

Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi moja kila wiki, uzamishe mmea wote kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30. Utoe, ushike kichwa chini, uutikise kwa nguvu mpaka maji yaliyojificha katikati ya majani yatoke. Kisha uulaze kwa ubavu juu ya ungo, penye upepo. Ndani ya saa 4 uwe umekauka hadi ndani kabisa. Aliyeko Dodoma wakati wa kiangazi anaweza kuulowesha mara 2 au 3 kwa wiki; aliyeko Mombasa au Tanga wakati wa masika apunguze, maana hewa yenyewe ina unyevu na kukausha ndiko kunakokuwa kugumu. Majani yakijikunja kama mfereji na ncha zikakauka, mmea una kiu, nao hupona kwa kulowekwa muda mrefu zaidi. Kitako kikiwa cheusi na majani yakichomoka, umeoza, na hapo hakuna dawa.

Maji ya mvua ndiyo bora. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo huyaunguza majani. Maji yenye chokaa nyingi huyaziba magamba. Ukitumia ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue.

Zipo aina zenye kitako kilichovimba kama kitunguu, mfano Tillandsia bulbosa. Ndani ya uvimbe ule, porini, hukaa sisimizi. Usiziloweke hizo, zichovye mara moja na uzitoe, kwani maji yakiingia humo hayatoki.

Kuna jambo jingine linaloua, na watu wa pwani inafaa tulisikie vizuri kwa kuwa nyumba zetu zimejaa vyombo vyake: shaba. Sinia la shaba la bibi litaupendeza mmea machoni, lakini shaba ni sumu kwa ukoo huu wote. Usiufunge kwa waya wa shaba, wala usiupulizie mrututu au dawa nyingine za shaba zinazotumika kwenye kahawa dhidi ya chule buni. Mbolea pia ichunguze: isiwe na shaba, na iwe robo tu ya kipimo cha kawaida, mara moja kwa mwezi.

Kuhusu kuupamba, chagua kitu kinachopitisha hewa. Mimi nimetundika yangu kwenye dema kuukuu, nimeifunga kwa mshipi wa kuvulia, na upepo unapita kila tundu. Kifuu cha nazi kinafaa kikitobolewa chini. Gogo lililookotwa ufukweni ni zuri sana, lakini liloweke siku kadhaa kwenye maji baridi, ukiyabadilisha kila siku, mpaka chumvi itoke. Mahali pawe na mwanga mwingi bila jua kali. Jua la asubuhi mpaka saa 3 halina neno. La saa 7 mchana kupitia kioo litaubabua.

Kuupata kunataka uangalifu. Guatemala hukuza tilandisia kwa wingi kwa ajili ya kuuza nje, na ile kubwa ya duara, Tillandsia xerographica, inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini. Ukitaka kuagiza kutoka nje, anza na kibali cha mamlaka ya afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Usibebe kwenye sanduku kimyakimya, kwa sababu mdudu mmoja aliyejificha humo anaweza kuangamiza shamba la mwenzako. Wala usiende kubandua okidi za mitini kwenye misitu ya Usambara ukidhani ni mbadala. Nunua kwa mkuzaji.

Tilandisia huchanua mara moja tu maishani. Ile ndogo, Tillandsia ionantha, huwa nyekundu moyoni kabla ya kutoa maua ya zambarau. Baada ya hapo mama huanza kuchoka polepole, huku akitoa watoto kitakoni. Usimtupe, bado anawalisha. Watoto watenganishe wakifika angalau theluthi moja ya ukubwa wake, kwa kuwazungusha taratibu mpaka waachie. Au waache hapohapo, washikane wao kwa wao mpaka lifanyike tonge moja. La kwangu kwenye dema sasa lina vichwa 5, na kila Jumamosi asubuhi nalitikisa mpaka tone la mwisho.