Kubadilisha Kiendeshi cha Kipanya Baada ya Kusakinisha Mfumo Endeshi

Kiendeshi ni programu ndogo inayosimama baina ya mfumo endeshi na kifaa, mithili ya mkalimani. Kipanya, ambacho wengine hukiita puku, hupeleka ishara tu: kimesogea kiasi gani, kuelekea wapi, na kitufe kipi kimebonyezwa. Kiendeshi ndicho huzifasiri. (Istilahi hii ina utata, kwani wapo wanaoitumia pia kwa kifaa cha kusomea diski. Hapa inarejelea programu pekee.)

Aghalabu kipanya hufanya kazi mara tu mfumo mpya unapokwisha kusakinishwa, kwa sababu mfumo huja na viendeshi vya jumla. Vipanya vya USB hufuata kanuni moja ya mawasiliano, hivyo kiendeshi kimoja huvitosheleza vya kampuni nyingi. Kuvitafutia kingine ni kazi bure, isipokuwa pale ambapo kuna vitufe vya ziada visivyoitika.

Tatizo hasa huzuka katika vipakatalishi. Kibao cha kugusa kikikosa kiendeshi chake mahususi, mara nyingi hujifanya kipanya cha PS/2, muundo ulioanzishwa na IBM mwaka 1987. Kishale husogea, lakini kupitisha vidole viwili ili kushusha ukurasa hakuleti lolote. Hapo ndipo mabadiliko yanapohitajika.

Kiendeshi kipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, kwa kufuata modeli yake. Kwa kuwa kiendeshi kisichofaa chaweza kukizima kishale kabisa, yafaa mtumiaji ajue njia ya kibodi kabla ya kuanza. Katika Windows 10 na 11 za Kiingereza, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, hufungua orodha ya vifaa. Vitufe vya mishale humfikisha kwenye kundi la vipanya, na Shift pamoja na F10 hufungua menyu ya kusasisha kiendeshi.

Mambo yakiharibika, sifa za kifaa zina kitufe cha kurejesha kiendeshi cha awali, huduma iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna cha awali kilichohifadhiwa. Itabidi kifaa kiondolewe orodhani na kompyuta iwashwe upya. Wengi hapa husahau kutia alama kwenye kisanduku cha kufuta programu ya kiendeshi, na mfumo ukiwaka hukirudisha kilekile kibovu.