Sehemu Yake Akaaye Nyumbani

Somo: 1 Samweli 30:21-25

Wapendwa, twasoma ya kuwa watu 200 walichoka wakabaki penye kijito Besori kulinda vyombo, naye Daudi akaamuru wagawiwe sawasawa na wale 400 waliokwenda vitani. Kazi ya kulinda vyombo ni kubwa kuliko idhaniwavyo.

Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, iliyokamilika mwaka 1937. Yatoka Georgia hata Maine, majimbo 14, yapata kilometa 3,500, na wengi huiendea miezi mitano hata saba. Msafiri hubeba hema na chakula cha siku chache tu. Basi mwenziwe wa ndoa humpelekea vifurushi katika posta za miji iliyo karibu na njia, vimngoje. Mwenye busara hafungi vyote mapema; maana msafiri huchoshwa na chakula kile kile, tena miguu huvimba, na viatu vya kwanza havimwenei.

Lakini vifurushi ndiyo kazi nyepesi. Milimani simu mara nyingi haishiki. Kwa hiyo yawapasa kupatana mbele, siku ngapi zikipita pasipo habari ndipo watafutaji waitwe. Na msafiri akinena usiku wa mvua kwamba amechoka, ataka kurudi, asihimizwe wala asikemewe. Aambiwe alale kwanza, wanene tena asubuhi.

Naye aliyebaki na watoto asifiche taabu zake, kana kwamba msafiri peke yake ndiye achokaye. Nasi tumtembeleapo mtu kama huyu, mara nyingi twauliza habari za msafiri tu, kisha twaaga.