SAFARI YA KUVUA NA WATOTO: PATANENI KABLA YA KUINGIA MAJINI

Mwishoni mwa Mei masika huanza kutuacha huku kando ya Ziwa Victoria. Juni shule hufungwa. Hapo watoto wanaokaa mbali na ziwa huanza: "Baba, tupeleke tukavue!" Ombi zuri. Mtoto na ajue sato anayemla ametoka wapi.

Kwanza mtafuteni nahodha. Awe mvuvi anayeyajua maji ya pale, siyo mwenye mtumbwi tu. Ulizeni mwaloni, wavuvi wanajuana. Mwelezeni mko wangapi na nani hajui kuogelea. Naye mwulizeni: mtumbwi unachukua watu wangapi, pamoja na yeye? Je, kila mtu atapata jaketi la kujiokoa? La mtoto liwe la kipimo chake. La mtu mzima humvuka kichwani akitumbukia.

Tuseme nyumbani mko saba, na mzee anasema mwisho watu sita, yeye akiwemo. Basi mnaingia watano, wawili wanabaki. Jambo hili liamueni nyumbani jioni. Mkingoja mpaka ufukoni watoto watalia, na baba atasema, "Haya, tubanane tu." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara. Kilitakiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Wanaobaki wavue nchi kavu kwa mshipi na minyoo, wakiwa na mtu mzima, kisha mbadilishane. Wasiingie kwenye maji ya majanimajani. Humo hukaa konokono wa kichocho, na pengine mamba.

Saa ya kutoka ni alfajiri kukipambazuka. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda upepo hugeuka, huja ufukoni, na mawimbi hukua. Mwezi wa Juni upepo wa kusini-mashariki nao huongeza nguvu. Pangeni kurudi kabla ya saa tano.

Sasa fedha. Hapa wengi tunakosea. Tunamwambia nahodha, "Tukienda tutakulipa, tusipokwenda basi." Yanaonekana maneno ya haki. Lakini mzee ameamka saa kumi usiku, na nyumbani kwake wanangoja unga. Akiona wingu jeusi atasemaje? "Aa, litapita hilo." Mmemziba mdomo kwa fedha zenu wenyewe!

Afadhali mpatane hivi, na mwandike kwenye daftari: nahodha akisema "Leo hatwendi," mnamlipa kiasi kwa usumbufu, na safari inahamia siku nyingine. Akisema "Turudi," mnarudi, hata kama samaki ndiyo kwanza wanaanza kula. Baba asimbishie mbele ya watoto. Nyumbani baba ni baba. Majini mkubwa ni nahodha.

Siku yenyewe chukueni maji ya kunywa, viazi vya kuchemsha, kofia, na kopo la kukumba maji. Ndoana zichomekwe kwenye kipande cha ndala kuukuu, zisije zikamchoma mtoto.

MASWALI
1. Mtumbwi unachukua watu 8 pamoja na nahodha na msaidizi wake. Familia ina watu 9. Wangapi watabaki ufukoni?
2. Kwa nini mawimbi hukua jua likipanda?
3. Andika mapatano ya mistari minne kati ya familia na nahodha. Usisahau siku ya upepo.