Volti 12 za Garimoshi la Mezani

Wengi wetu hapa Kitengela tumeiona treni ya SGR ikipita upande wa Athi River tangu mwaka wa 2017. Wenzetu wa Kajiado nao wanayo reli ya zamani, ile itokayo Konza kwenda Magadi, iliyojengwa kwa ajili ya kubeba magadi. Reli hizi hazilingani upana: ya zamani ni milimita 1,000 na mpya ni milimita 1,435. Lakini zote mbili hutumia vichwa vya treni vya dizeli, vinavyojibebea nguvu vyenyewe. Reli ni ya kukanyagia tu.

Garimoshi la mezani ni kinyume. Halina dizeli wala betri tumboni. Stima huja kwa reli moja, ikapanda kwa gurudumu, ikazungusha mota, kisha ikashuka kwa gurudumu la upande wa pili na kurudi kwa reli nyingine. Treni za Tanzania zinazotoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizoanza mwaka wa 2024, zinafanana nalo kidogo: zinachukua volti 25,000 kutoka waya wa juu, na mkondo unarudi kupitia reli. Kwa hivyo kwenye meza yako, reli ndiyo waya.

Langu ni la kipimo cha HO, yaani sehemu moja ya 87 ya treni halisi. Mjomba alilileta kutoka Ujerumani. Transfoma yake huchukua stima ya volti 240 kutoka kwa soketi na kutoa volti 12 za mkondo mnyoofu. Kisanduku hicho usikifungue hata siku moja, na waya za soketi usizipeleke kwa reli. Hapo si mchezo tena, ni kifo.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa hii: karibu na transfoma treni ilikimbia, lakini ikifika mwisho wa reli, ilikokota kama punda aliyechoka. Sababu ni maungio. Kila mahali vipande viwili vya reli vinapokutana pana ukinzani kidogo, na vumbi letu la Kitengela huuongeza. Tuseme maungio yote pamoja yana omu 6, na mota inavuta nusu ampea. Zidisha: volti 3 zimepotea njiani. Treni inapata 9 tu. Dawa yake ni kupitisha waya mbili nene chini ya ubao, kisha kulehemu vijiwaya kutoka hapo hadi kwenye reli kila baada ya vipande viwili au vitatu. Nilifanya hivyo, na treni ikakimbia sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nikajiona fundi wa stima kamili!

Likizo ya Agosti nikaibeba, ubao na vyote, hadi kwa Koko wangu, yaani nyanya, huko Kajiado. Kwake hakuna stima ya waya. Kuna paneli ya sola na betri ya gari ya kuwashia taa na kuchaji simu. Nikawaza: volti 12 ni volti 12. Nikaunganisha waya nyembamba kutoka betri hadi reli, bila kitu chochote katikati.

Treni iliruka kama swara. Kwenye kona ikatoka relini, na gurudumu la chuma likalalia reli zote mbili. Nyumbani jambo hilo hutokea kila siku, na transfoma hujikata yenyewe. Betri ya gari haijui kujikata. Ganda la waya likayeyuka na mkeka wa Koko ukaanza kufuka moshi. Binamu yangu aliivuta waya kwa kitambaa, akaungua kidole.

Jioni nilipiga hesabu. Zamani, kabla ya waya zangu nene, shoti ya mwisho wa reli ingepita kwenye omu 6: volti 12 gawanya kwa 6, ampea 2. Mimi nilikuwa nimeuondoa ukinzani huo kwa mikono yangu. Ukibaki nusu omu tu, ni ampea 24, na betri ya gari inaweza kutoa hata mamia. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ndiyo iliyoupa nguvu wa pili.

Basi ikiwa unatumia betri, weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na ncha ya chanya, maana waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Halafu pitisha mkondo kwenye balbu ya indiketa ya gari ya wati 21. Treni ikitembea vizuri, balbu hiyo haina joto la kutosha kuwaka sana, na ukinzani wake ni mdogo. Shoti ikitokea, inawaka kabisa na kuuzuia mkondo usipite ampea 1.75 hivi. Iweke mbali na pazia, kwa sababu inakuwa moto.

Koko alikubali tujaribu tena, lakini nje, juu ya udongo. Treni ilianguka mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kutoka mlangoni, "Nani anamaliza betri yangu kwa kuwasha taa mchana?"