SOMO: Watoto Wachore Msimu, Nasi Tujifunze



Somo la mara hii tutalifanya pamoja na watoto wa shule. Ni mashindano ya kuchora, na kichwa chake ni kimoja tu: "Msimu tulio nao sasa." Huenda mtu akauliza, sisi watu wa mashamba na merigoraundi tunahusikaje na michoro ya watoto? Soma kwanza, halafu utatuambia.

Tulivyokosea mara ya kwanza

Mwaka wa kwanza tulikwenda shuleni mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Tukagawa karatasi, tukasema, "Choreni msimu," kisha tukaenda zetu kunywa chai. Kurudi, tukakuta nini? Theluji! Watoto wa Ukambani wamechora theluji, miti ya tufaha na watu waliovaa makoti mazito. Walikuwa wamenakili chati ya ukutani, ile ya misimu minne ya Ulaya. Nasi, bila hata kufikiri, tukampa zawadi aliyepaka rangi vizuri kuwashinda wengine.

Jioni mama mmoja wa kamati akatuuliza, "Hiyo theluji ilianguka kwa nani?" Hatukuwa na jibu.

Mwaka uliofuata tulibadilisha maneno. Tuliwaambia, "Chora kile unachokiona ukisimama mlangoni kwenu asubuhi." Hapo mambo yakawa mengine. Msichana wa gredi ya tano alichora mahindi ya kijani yanayofika magotini, na kando yake mama anabeba kuku kwenda sokoni. Tukamwuliza, "Mbona mama anauza kuku na shamba ni zuri hivi?" Akajibu, "Ya shambani hayajaiva, na ya nyumbani yaliisha."

Sote tukanyamaza. Tulipopitia picha nyingine tukaona jambo lilo hilo: jiko lisilo na moshi, ghala tupu, baba akiongea na mwenye duka. Kumbe mvua tunayoiombea ndiyo inayotukuta na njaa! Mavuno ya Februari tuliyauza upesi kwa sababu ya karo na madeni. Mavuno ya mvua ndefu huku kwetu mara nyingi ni haba. Ifikapo Novemba tunanunua kwa gorogoro, kwa bei ya juu, mahindi kama yale tuliyoyauza kwa bei ya chini. Wakati huohuo kazi ya shamba ni nyingi na malaria inakaribia. Sisi wazee tulilijua hilo, lakini hatukuwa tumelisema mkutanoni.

Kwa nini picha?

Njia hii si ngeni. Paulo Freire wa Brazili alitumia picha za maisha ya kawaida mapema miaka ya 1960 alipofundisha watu wazima kusoma. Watu walitazama picha, wakazungumza juu ya maisha yao, kisha wakatafuta la kufanya. Hapa Kenya, Anne Hope na Sally Timmel waliyatumia mawazo hayo katika mafunzo ya DELTA miaka ya 1970, na vikundi vingi vya makanisa vilipitia mafunzo hayo. Picha humpa nafasi hata yule asiyejua kusoma, na yule anayeona haya kusema.

Hatua za kufuata

1. Ongeeni na mwalimu mkuu mapema. Chagueni siku ambayo haiharibu masomo.

2. Tafuteni vifaa vya bure. Migongo ya kalenda za zamani na vipande vya katoni ni karatasi nzuri. Mkaa hutoa rangi nyeusi. Udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, ukichanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano, ni rangi. Manjano ya jikoni nayo ni rangi.

3. Kabla ya kuchora, watoto watoke nje. Watazame, wanuse, wasikilize. Chati za ukutani zifunikwe!

4. Waamuzi wawe watatu: mwalimu, mzee na mama. Alama ziwe kumi: tano kwa ukweli wa mahali petu, tatu kwa kutazama kwa makini, mbili kwa usafi wa kazi. Hivyo mtoto asiye na kalamu za rangi naye ana nafasi.

5. Zawadi ziwe ndogo: daftari na penseli. Uji uwe wa wote.

6. Msiaibishe nyumba ya mtu. Kabla ya kutundika picha, ombeni ruhusa ya mtoto na ya mzazi. Yule mama wa kuku tulimwendea nyumbani. Alitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Itundikeni. Si mimi peke yangu."

Kutoka picha hadi kalenda

Rudieni mashindano kila msimu: mvua fupi (Oktoba hadi Desemba), kiangazi cha Januari na Februari, mvua ndefu (Machi hadi Mei), na miezi ya baridi. Mwisho wa mwaka zipangeni picha ukutani mwezi kwa mwezi. Chini ya kila mwezi wekeni mawe: mawe mengi kwa kazi nyingi, mengine kwa njaa, kwa magonjwa, kwa madeni. Mtaona wenyewe mahali mzigo unapolemea.

Andikeni mwaka nyuma ya kila picha, kwani misimu haifanani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za nchi yetu. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko. Mtoto aliyechora miaka hiyo ameweka ushahidi.

Sisi tulifanya nini?

Tulikubaliana kila mwanachama aweke debe moja la mahindi baada ya mavuno, lisiguswe hadi Novemba. Lakini tahadhari: mahindi mabichi ghalani ni sumu. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa Mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu. Tieni mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikiseni, ngojeni dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisheni mahindi juani.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ni mwezi gani nyumba zetu zina shida kubwa? Nani hubeba mzigo huo zaidi?
- Tunauza nini kwa bei ya chini, kisha tunakinunua kwa bei ya juu?
- Watoto wetu wanaona nini ambacho sisi hatukisemi?

Fungeni kwa kusoma Mhubiri 3:1-8. Kisha kila mmoja aseme: huu ni wakati wa nini kwetu?

Yule msichana alipata daftari mbili. Novemba iliyofuata alichora tena shamba, na kuku wakidonoa mlangoni.