Jaribu Kwanza, PIN Baadaye: Kukagua Vipokea Sauti vya Bei Nafuu Ukiwa Bado Dukani

Ukishaweka PIN, pesa zimetoka. Ni rahisi kusahau jambo hili ukiwa umesimama kwenye kaunta ndogo ya Luthuli Avenue, muuzaji amekuwekea boxi linalong'aa mbele yako, na watu wawili nyuma yako wanangoja kuhudumiwa. Somo la leo ni la zile dakika kumi za kabla ya kulipa. Tutatumia mfano wa vipokea sauti visivyo na waya, vile vidogo vya masikioni vinavyokaa ndani ya kikasha, kwa sababu wengi wetu huvinunua haraka haraka, kwa bei isiyouma sana, halafu wiki tatu baadaye upande wa kushoto unanyamaza.

Mbona tunasisitiza "kabla"? Huduma ya kurudishiwa pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba: ulitaka kumtumia Wanjiku, zikamfikia Wanjala. Ukilipa duka lililo sahihi, kiasi kilicho sahihi, muamala wako hauna kosa lolote hata kama ulichonunua hakitoi sauti. Kuanzia hapo ni mazungumzo kati yako na mwenye duka, na yeye ndiye aliye na pesa mkononi. Kabla ya PIN, wewe ndiye uliye nazo.

Kusoma boxi

Nimesomea masoko, kwa hivyo niamini nikikwambia boxi limeandikwa likuvutie. Hiyo ndiyo kazi yake. Si lazima liwe linadanganya, lakini huchagua cha kusema kwa sauti ya juu na cha kunong'ona.

Chukua "saa 30 za muziki". Hutasikiliza saa 30 mfululizo. Hesabu hiyo imejumlisha chaji yote iliyo ndani ya kikasha, ile unayoirudia kila unapoviweka ndani. Kipokea sauti chenyewe kina betri ndogo sana, mara nyingi kama mAh 30 hadi 50, na kikasha kina mia tatu au zaidi. Namba unayoitaka ni ile ya maandishi madogo: saa ngapi kwa chaji moja. Kama unatoka Kitengela asubuhi na kurudi jioni, saa nne kwa chaji moja zinakutosha kabisa, kwa sababu mchana kutwa vitakuwa kikashani vikijaza. Kama kazi yako ni ya kupokea simu siku nzima, saa nne ni kidogo, na hakuna kikasha kitakachokuokoa katikati ya simu ya mteja.

Halafu kuna herufi mbili zinazowachanganya watu wengi kuliko zingine: ANC na ENC. ANC hupunguza kelele unazosikia wewe. ENC hufanya kazi kwenye maiki, yaani hupunguza kelele anazosikia yule unayeongea naye. Boxi likiandika ENC kwa herufi kubwa, muziki wa matatu bado utakufikia sikioni kama kawaida. Vipokea sauti vingi vya bei ya chini huwa na ENC peke yake, na muuzaji akikwambia "hii inakata kelele", muulize: inakata za nani?

IPX4 maana yake ni kwamba vinastahimili jasho na matone ya maji. Mvua ya ghafla, sawa. Kuvisahau kwenye mfuko wa suruali inayofuliwa, hapana. Namba ya toleo la Bluetooth nayo, 5.0 au 5.3, haikwambii lolote kuhusu utamu wa sauti, kwa hivyo usiongeze mia tano kwa ajili yake.

Kwenye kaunta

Jaribu kile kile utakachokwenda nacho nyumbani. Kilichowekwa kaunta kwa ajili ya kujaribu kinaweza kuwa kizima kabisa na kile cha ndani ya boxi kiwe na shida. Omba boxi lifunguliwe mbele yako, vipanguse, kisha uanze.

Kwanza toa karatasi nyembamba ya plastiki. Vipokea sauti vingi vipya huja na kakipande ka plastiki kati yake na vile vyuma vidogo vya kuchajia. Kisipotolewa havitaingiza chaji, na wapo waliovirudisha dukani kwa sababu hiyo tu.

Unganisha na simu yako mwenyewe, si ya muuzaji. Kama upande mmoja haulii, usikate tamaa mara moja: virudishe vyote viwili kikashani, futa jina lake kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, kisha uunganishe upya. Mara nyingi vitashikana. Visiposhikana mara ya pili, omba boxi lingine.

Sasa sikiliza, na usisikilize wimbo wa muuzaji. Atakuwekea kitu chenye besi nzito kwa sababu besi huficha mengi. Weka sauti ya mtu anayeongea, tuseme taarifa ya habari au mahubiri, mtu ambaye sauti yake unaijua. Akisikika kama yuko ndani ya debe, au herufi za "s" zinakukwaruza sikio, ndivyo atakavyosikika kila siku. Sikiliza upande wa kushoto pekee, kisha wa kulia pekee. Vinapaswa kulingana kwa nguvu.

Badilisha zile raba za masikio. Mara nyingi boxi huwa na saizi tatu, na iliyopachikwa tayari ni ya kati. Hapa ndipo napenda mtu achukue muda, kwa sababu raba isiyokaa vizuri huua besi, huruhusu kelele za nje kuingia, na hukufanya uongeze sauti. Hilo la kuongeza sauti si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ndani ya matatu yenye spika kumi, ni rahisi sana kujikuta huko juu. Raba inayoziba vizuri inalinda masikio yako kuliko maandishi yoyote ya kwenye boxi. Tikisa kichwa, tafuna kidogo, ongea. Kama kinachomoka ukiwa umesimama dukani, ukikimbilia gari kitaanguka kwenye mtaro.

Kisha maiki. Toka hadi mlangoni kwenye kelele za barabara, rekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukitumia vipokea sauti hivyo, na uusikilize kwa spika ya simu. Jaribio hili linachukua sekunde ishirini, na ndilo linaloangusha vingi vya bei ya chini. Muziki unatoka vizuri, lakini mama akikupigia anakuuliza uko kisimani?

Ukiwa bado pale mlangoni, weka simu kwenye mfuko wa nyuma na ugeuke geuke. Mawimbi ya Bluetooth hupata shida kupita mwilini kwa sababu mwili una maji mengi. Sauti ikikatika hapo, itakatika kila unapotembea. Fungua pia video ya mtu anayeongea na utazame midomo yake. Programu za video hujaribu kulinganisha sauti na picha, lakini michezo ya simu mingi haifanyi hivyo, kwa hivyo kama wewe ni mtu wa michezo, fungua mchezo wenyewe.

Mwisho, chomeka chaji. Baadhi ya vikasha vya bei nafuu vyenye tundu la Type-C havipokei chaji kwa waya ulio na Type-C pande zote mbili. Vinataka ule wa zamani, wenye kichwa kipana upande mmoja. Ni afadhali ujue leo.

Kuhusu majina makubwa: JBL, Oraimo, Xiaomi na wengine wana bidhaa halali madukani kwetu, na wana waigaji pia. Bei ikiwa robo ya bei ya duka rasmi, unanunua jina lililochapishwa. Na kile kidirisha kizuri kinachojitokeza kwenye iPhone ukifungua kikasha si ushahidi wa uhalisi. Vingi vya kuigwa hukitoa pia.

Je, bei ni nafuu kweli?

Gawanya bei kwa miezi. Tuseme vya shilingi 800 vinadumu miezi miwili: umelipa 400 kwa mwezi. Vya 2,400 vikidumu mwaka, ni 200 kwa mwezi. Bila shaka vya 800 vinaweza kukushangaza vikamaliza mwaka, lakini hilo hutalijua pale kaunta. Unachoweza kujua ni muda wa waranti, kwa hivyo tumia huo kwenye hesabu yako. Muuzaji anayekupa miezi sita anakwambia kitu kuhusu imani yake na bidhaa hiyo. Anayesema "hizi hazina waranti lakini ni original" pia anakwambia kitu.

Sasa lipa

Lipa kwa Till ya duka, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Linapaswa kufanana na lile la ukutani au la kwenye risiti. Ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba yangu", ujumbe wako utakuwa na jina la mtu binafsi, na siku ya malalamiko duka linaweza kusema halimjui.

SMS ya malipo inaonyesha kiasi, tarehe, saa na aliyepokea. Haionyeshi ulinunua nini. Ndiyo maana unahitaji risiti iliyoandikwa modeli na siku za waranti. Ipige picha hapo hapo, kwa sababu nyingine huchapishwa kwenye karatasi inayofifia. Usifute SMS hadi waranti iishe.

Ukinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, mwandikie kabla bodaboda haijatoka: "Nitafungua na kujaribu kabla ya kulipa, ni sawa?" Akikubali, jibu lake limebaki kwenye simu yako. Akikataa, umeokoa nauli ya kuletewa.

Na lile bango la "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi"? Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora unaofaa, na bango haliwezi kuifuta dhamana hiyo. Haikupi ruhusa ya kurudisha kwa sababu umebadilisha mawazo kuhusu rangi. Lakini kama upande mmoja umekufa ndani ya wiki, rudi na risiti, SMS na kikasha chenyewe, uombe kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Ukizungushwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia masuala ya watumiaji. Ambatisha picha ya risiti na namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu inayoanza ujumbe wako wa malipo.